Sanduku la nyimbo la Mama: kutafuta programu huria nyepesi kwa mashine kuukuu

Mzee alituachia kaseti mia mbili na ushee, katoni moja ya CD, na redio kaseti iliyokuwa ikitafuna kanda. Baada ya arobaini Mama akawa na ombi moja: jioni akikaa kuchambua mchele, akitaka Lingala ya zamani aipate mwenyewe, bila kumwita mtu. Simu yangu haifai, maana nikitoka natoka nayo. Alitaka kitu cha kukaa sebuleni na kuimba.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Busia, upande wa Uganda, kwa hiyo mashine za kufufua hazinipungukii. Chini ya meza kulikuwa na netibuku, yaani leptopu ndogo, ya enzi za 2008: prosesa ya Atom N270, RAM ya GB 1, kioo kimepasuka kona hadi kona. Mwenyewe alishaikatia tamaa, nikampa elfu hamsini tukaagana. Fundi mwingine angeivunja iwe spea. Mimi niliipendea jambo moja: betri yake bado ilishika dakika arobaini. Umeme ukienda kidogo, betri hiyo ndiyo inayoishikilia mashine isizimike.

Ikabaki programu. Ukiuliza watu utatajiwa majina kumi, yote mazuri, na mengi yake hayatasimama kwenye mashine ya namna hii. Nitakueleza nilivyochuja, usije ukapoteza wiki mbili na bando kama mimi.

Sauti itatokea wapi?

Hilo ndilo swali la kwanza, na wengi huliruka. Kuna programu zinazopiga wimbo kwenye mashine yenyewe: waya unatoka hapo kwenda kwenye sabufa, wewe umeshika rimoti tu. Kuna za kugawa: wimbo unakaa kwenye mashine lakini unasikika kwenye simu yako au runinga. Na kuna zile zinazopamba kioo kizima, picha za majalada, filamu, hata hali ya hewa.

Nilianza na hizo za mapambo, kwa tamaa. Kodi ni programu nzuri. Ilianza ikiitwa XBMC, ya kuchezea muziki na filamu kwenye Xbox, ikabadilishwa jina mwaka 2014. Kama una runinga na kijikompyuta cha Raspberry Pi, weka LibreELEC, ambayo ni Linux iliyopunguzwa hadi ikabaki ya kuendesha Kodi tu, na huna haja ya kusoma zaidi ya hapa. Mimi nilichomeka monita, nikasubiri, nikapata kioo cheusi na feni inayolia. Chipu ya picha ya netibuku hizo haina OpenGL (njia ya kuchora picha kwenye kioo) ya kiwango ambacho Kodi inataka. Na hata ingefunguka, Mama angelazimika kuwasha runinga ili asikie wimbo. Yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ziishie kwenye picha ya jalada? Hapana.

Nikaja kwenye za kugawa. Jellyfin ilichipuka Desemba 2018, baada ya Emby, programu ilikochipuka, kuufunga msimbo wake, na inafaa nyumba yenye filamu nyingi na simu nyingi. Lakini ikilazimika kuigeuza filamu papo hapo ili simu iweze kuisoma, prosesa ndogo inazimia. Navidrome ni nyepesi kweli, imeandikwa kwa lugha ya Go, unaifungua kwenye kivinjari kupitia mlango (port) 4533, na nilikaribia kuichagua. Kilichonitoa ni kwamba hupanga nyimbo kwa lebo zilizoandikwa ndani ya faili, yaani msanii, albamu, mwaka, wala haitazami folda. Sasa, nusu ya kaseti za Mzee alizirekodi mwenyewe kutoka redioni, kidole kwenye kitufe. Lebo gani? Nilijaribu hata Picard, programu ya MusicBrainz inayoweza kuutambua wimbo kwa alama ya sauti yake. Ilishika chache tu, maana kwenye kaseti hizo mtangazaji anazungumza juu ya wimbo na mwisho wake umekatwa. Kama muziki wako ni CD za dukani na unasikilizia simuni, chukua Navidrome bila wasiwasi.

MiniDLNA ni ndogo kuliko hizo zote, ila kazi yake ni kuionyesha runinga faili zako, basi.

Kundi lililobaki ndilo la sanduku lenyewe. Humo kuna MPD, yaani Music Player Daemon, iliyoanza mwaka 2003. MPD haina uso. Ukiisakinisha huoni dirisha wala kitufe. Inakaa kimya nyuma, inasikiliza amri kwenye mlango 6600, inapiga nyimbo. Rimoti ni programu nyingine, na unaweza kuwa na rimoti tano kwa wakati mmoja: simu, kompyuta, hata kitufe cha ukutani. Na inakubali folda kama zilivyo. Kuna ndugu yake aitwaye Mopidy, ameandikwa kwa Python, anaelewa amri zilezile za MPD ukimwekea kiongezo cha Mopidy-MPD, na anapokea viongezo vingine vingi. Kama unataka kuchezea viongezo, mtazame huyo. Mimi nilitaka kisichochezewa.

Kupima uzito kabla ya kulipia bando

Hapa ndipo Debian, aina ya Linux ninayoitumia, inaponifurahisha. Kwanza angalizo kwa wenye mashine za zamani: Atom N270 ni ya biti 32, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Tafuta Debian 12. Wakati wa kusakinisha, ikikuuliza kuhusu mazingira ya dawati, ondoa alama zote, acha SSH (ya kuingia kwenye mashine kutoka kompyuta nyingine) na zana za kawaida za mfumo. Huhitaji dawati. Dawati ndilo linalokula RAM, programu ya muziki inasingiziwa tu.

Ukishaingia kama root, yaani mtumiaji mkuu, andika:

apt show mpd

Utaona ukubwa wake ukishasakinishwa, tovuti yake, na vitu inavyovitegemea. Kisha andika amri ya kusakinisha MPD pamoja na mpc, rimoti yake ya kuandika amri, lakini usikubali haraka:

apt install mpd mpc

Kabla ya kupakua chochote, apt inakutajia MB itakazovuta na nafasi itakayochukua, halafu inasubiri Y au n. Soma namba, bonyeza n. Sasa rudia ukiongeza neno moja:

apt install --no-install-recommends mpd mpc

Linganisha orodha. Vile vilivyopungua ni mapendekezo tu, programu inaishi bila hivyo. Fanya hivyo kwa kila programu unayoifikiria, na ndani ya robo saa utakuwa umeshajua ipi inakuja peke yake na ipi inakuja na ukoo mzima, bila kutumia bando zaidi ya kiasi kidogo cha kusasisha orodha ya vifurushi. Mimi siku hizi programu ambayo haimo kabisa kwenye hazina kuu ya Debian naiwekea alama ya kuuliza. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba kuisasisha kutakuwa kazi yangu, na nina simu za watu mezani.

Baada ya kusakinisha, pima inapofanya kazi na pia ikiwa imekaa bure. Amri free -h inatosha. Kwangu mashine nzima, Debian pamoja na MPD inayopiga wimbo, ilikuwa chini ya MB 150. Kati ya GB 1, hapo bado una nafasi ya kupumua.

Kuisimamisha

Mipangilio yote imo kwenye faili moja, /etc/mpd.conf. Mistari niliyogusa ni hii:

music_directory "/srv/nyimbo"
bind_to_address "any"
auto_update "yes"
restore_paused "yes"
audio_output {
 type "alsa"
 name "Sabufa"
 mixer_type "software"
}

Mstari wa pili unairuhusu simu kuifikia MPD kupitia waifai. Usipouweka, mashine itajisikiliza yenyewe tu. Wa nne unafanya mashine ikiwashwa tena iukumbuke wimbo ulipoishia lakini isianze kupiga kelele yenyewe ukiiwasha saa tisa usiku. Niamini kwa huo wa nne.

Ukimaliza, systemctl restart mpd, halafu mpc update, halafu mpc ls. Ikikuonyesha folda zako, umefika. Isipoonyesha kitu, usianze kuisakinisha upya kama nilivyofanya mimi usiku kucha. Nilikuwa nimeweka nyimbo kwenye folda yangu ya nyumbani, na folda hiyo imefungwa kwa watumiaji wengine. MPD inafanya kazi kama mtumiaji anayeitwa mpd, si kama wewe. Ilikuwa imesimama mlangoni haina ufunguo, na ujumbe wa kosa ulikuwa kwenye logi ambayo sikuisoma. Ndiyo maana sasa ziko /srv/nyimbo, mahali ambapo kila mtumiaji anaruhusiwa kusoma.

Netibuku ikifungwa kifuniko inalala, na sanduku la nyimbo haliwezi kukaa limeachama sebuleni. Fungua /etc/systemd/logind.conf, kwenye mstari wa HandleLidSwitch toa alama ya # mwanzoni, andika ignore baada ya alama ya sawasawa, washa mashine upya. Sasa ifunge, iweke juu ya kabati, tandika kitambaa pembeni. Pembeni, si juu yake, maana matundu ya hewa yanahitaji hewa. Mama na vitambaa vyake tulivutana kidogo hapo.

Hiyo /srv/nyimbo yenyewe ni flashi ya GB 32 niliyoiunganisha hapo, ili niweze kuichomoa na kwenda nayo karakana kuongeza kaseti mpya. MP3 ya kbps 128 inakula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo flashi hiyo inabeba zaidi ya saa 500. Kaseti mia mbili za saa moja moja zinaingia bila kusukumana. Lakini flashi ilinipa somo. Mpwa wangu aliichomoa kunakili filamu, umeme ukakatika muda mrefu, betri ikaisha, na Mama alipobonyeza kitufe cha kuwashia mashine haikuamka. Akanipigia: "Baba, sanduku limekufa." Kumbe nilikuwa nimeiandika flashi kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kuunganishwa mashine inapowaka, kama kitu cha lazima, Debian ikaisubiri kama dakika moja na nusu, ikakata tamaa ikaingia hali ya dharura, inasubiri nenosiri kwenye kioo kilichopasuka ambacho hakuna anayekiona. Dawa ni neno moja kwenye mstari huo wa fstab: nofail. Liandike siku ya kwanza.

Na sauti. Ukichomeka sabufa kwenye tundu la masikioni huku chaja imechomekwa, unaweza kusikia mngurumo wa chini, ng'ooo, ambao chaja ikichomolewa unakoma. Hiyo si programu; usihangaike na mipangilio. Ni waya wa ardhi kati ya chaja na sabufa. Kwangu ulipungua nilipochomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja, na kadi ndogo ya sauti ya USB ikamalizia kilichobaki.

Rimoti ya mtu asiyependa simu janja

Kwenye simu yangu naweka M.A.L.P., inayopatikana F-Droid, duka la programu huria za Android. Unaandika anwani ya mashine, mlango 6600, na unaona folda, unachagua, unapiga. Kumbuka hapa hakuna intaneti inayotumika. Ruta ikiwa imewaka, hata haina bando hata chembe, simu na mashine zinaonana. Bando litaliwa tu ukiiambia MPD ipige redio ya mtandaoni, ambayo kwa mkondo wa kbps 64 ni takribani MB 29 kwa saa.

Mama alitazama M.A.L.P. mara moja akanirudishia simu. Anataka vitufe. Nikakumbuka kibodi ndogo ya namba ya USB, ile wanayotumia wahasibu, iliyokuwa kwenye boksi la waya. Na programu ya kuitafsiri iko kwenye hazina hiyohiyo ya Debian: triggerhappy. Inakaa inasikiliza vitufe hata kama hakuna mtu aliyeingia kwenye mashine, na kila kitufe unakipa amri. Nikatengeneza faili /etc/triggerhappy/triggers.d/mama.conf:

KEY_KP1 1 /usr/local/bin/kaseti Lingala
KEY_KP2 1 /usr/local/bin/kaseti Taarab
KEY_KP3 1 /usr/local/bin/kaseti Kadongo
KEY_KPENTER 1 /usr/bin/mpc toggle
KEY_KPPLUS 1 /usr/bin/mpc volume +5
KEY_KPMINUS 1 /usr/bin/mpc volume -5

Ile 1 ya katikati maana yake ni "kitufe kimebonyezwa". Na kaseti ni skripti ya mistari minne, ambayo usisahau kuiruhusu kwa chmod +x:

#!/bin/sh
mpc -q clear
mpc -q add "$1"
mpc -q play

Inafuta foleni, inaweka folda uliyoitaja, inapiga. Washa triggerhappy upya, basi. Nikabandika plasta juu ya vitufe na kuandika kwa kalamu ya wino mzito. Vitufe ambavyo havina plasta havifanyi kitu, kwa hiyo wajukuu wakivibonyeza hawaharibu chochote.

Shida ya kuiacha MPD wazi kwenye waifai niliijua Jumapili moja alfajiri. Kijana wa jirani ana nenosiri la ruta yetu, tulimpa wenyewe, na akagundua M.A.L.P. Mama amekaa na tasbihi yake, sabufa ikapasuka kwa dansihoo. Kijana aliona ni utani mzuri sana. Siku hiyohiyo niliongeza mistari miwili kwenye mpd.conf:

password "siri@read,add,control,admin"
default_permissions "read"

Neno siri badilisha uweke lako. Sasa mgeni anaweza kuona kinachopigwa lakini hawezi kukigusa. Ukifanya hivyo kumbuka kuwaambia na vitufe vya Mama nenosiri hilo, yaani kila mpc kwenye faili zile mbili iwe mpc -h siri@localhost, la sivyo utapigiwa simu tena.

Kaseti

Nasema kwa ufupi, maana hii ni kazi ya mikono kuliko ya programu. Narekodi kwa Audacity kwenye kompyuta ya karakana. Usitumie tundu la maikrofoni la leptopu: mara nyingi ni la mono, na utarekodi upande mmoja wa muziki kwa miezi kabla hujagundua. Tumia tundu la kuingizia laini, au kadi ya USB yenye laini ya stereo. Safisha kichwa cha deki kwa spiriti kila kaseti kumi. Kanda iliyokaa miaka ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kurekodi, ilegee. CD ni rahisi zaidi, abcde inazinakili kwa amri moja.

Mwanzoni nilikata kila kaseti wimbo mmoja mmoja, nikaziweka pamoja kwenye folda ya Lingala, nikaiambia MPD ichanganye kwa mpc random on. Nilidhani ni zawadi. Mama alisikiliza siku tatu, akaniambia nyimbo ni zenyewe ila kuna kitu kimeharibika. Sikuelewa hadi nilipokaa naye jioni moja. Wimbo ulipokaribia kwisha akaanza kuimba kwa pua mwanzo wa unaofuata, ukaja mwingine, akanyamaza. Miaka thelathini amesikia kaseti zile kwa mpangilio wa Mzee. Anajua baada ya huu unakuja upi, na mtangazaji atasema nini katikati.

Nikarudisha mpc random off na kuunganisha tena nilizozikata. Sasa ndani ya Lingala kuna folda kwa kila kaseti, na ndani yake faili mbili tu, A na B, pamoja na mlio wa kitufe cha Mzee mwanzoni mwa kila upande.